Kuliona Donge Kabla ya Kifo

Katika miaka ya 1840, kwenye hospitali ya Charité mjini Berlin, mgonjwa aliyefariki ghafla alieleweka vizuri kuliko yule aliyekuwa bado anapumua. Aliyefariki alipelekwa kwenye meza ya uchunguzi, kifua kikafunguliwa, na ndani ya ateri ya mapafu likaonekana donge la damu lililoziba njia. Aliye hai, mwenye donge la namna ile ile, alibaki kitandani akitweta huku madaktari wakibishana juu ya ugonjwa wake. Ilipita karibu karne moja na nusu kabla ya daktari kuweza kuliona donge hilo ndani ya mtu aliye hai bila kumpitisha mrija moyoni. Nataka kuisimulia historia hiyo kwa sababu kila hatua yake ililipiwa na watu waliokufa bila ndugu zao kuambiwa walikuwa wanaumwa nini.

Kijana aliyesimama kwenye meza ile aliitwa Rudolf Virchow, mzaliwa wa Pomerania wa mwaka 1821. Mkuu wake, Robert Froriep, alimpa kazi ya kuichunguza kauli ya Jean Cruveilhier, profesa mwenye jina kubwa mjini Paris, aliyefundisha kwamba uvimbe wa kuta za vena ndio mzizi wa karibu maradhi yote. Kwa fundisho hilo, donge lililokutwa mapafuni lilikuwa limezaliwa humo humo mapafuni. Virchow hakuridhika. Kila alipokuta donge kwenye ateri ya mapafu, alizifuata vena kushuka chini hadi nyongani na mapajani, na mara kwa mara huko alikuta donge jingine ambalo ncha yake ilikuwa imekatika. Isitoshe, ukuta wa ateri pale donge lilipokwama ulikuwa mzima. Kama ugonjwa ungeanzia pale, ukuta ndio ungekuwa wa kwanza kuharibika.

Ndipo akageukia mbwa. Alipitisha vipande vya mpira na vya damu iliyoganda kwenye vena ya shingo, kisha akavitafuta, akavikuta vimekwama kwenye ateri za mapafu. Njia ikawa wazi: kitu kikiingia kwenye vena yoyote kubwa, damu hukibeba hadi upande wa kulia wa moyo, moyo hukisukuma mapafuni, na huko mishipa hugawanyika na kuwa myembamba mpaka kitu hicho kishindwe kupita. Alianza kuchapisha matokeo yake mwaka 1846, hata miaka 26 hajafikisha. Kwa wakati ule ilihitaji moyo mgumu, kijana asiye na cheo kumpinga profesa wa Paris kwa ushahidi wa maiti za wodi za maskini na mbwa wachache.

Tangu hapo sababu zinajulikana. Mtu akilala kitandani siku nyingi baada ya upasuaji, baada ya kujifungua au akiwa na mguu uliovunjika, damu yake hutembea polepole na inaweza kuganda kwenye vena za ndani za mguu. Donge likimeguka likiwa kubwa, mgonjwa anaweza kufa katika dakika chache. Likiwa dogo, humwachia kichomi, pumzi fupi, moyo unaokwenda mbio, na pengine damu kwenye makohozi. Ugumu wote uko hapo. Dalili hizo ni zile zile za nimonia, za kifua kikuu, za moyo unaoshindwa kazi, wakati mwingine hata za hofu tu. Virchow aliwaachia madaktari maelezo kamili ya kifo, lakini hakuwaachia kitu cha kumpima aliye hai.

Wapasuaji hawakutaka kungoja. Mwaka 1908 mjini Leipzig, Friedrich Trendelenburg, baada ya kufanya mazoezi kwa ndama, alieleza jinsi ya kufungua kifua haraka, kuikata ateri ya mapafu na kulivuta donge kwa koleo. Wagonjwa aliowapasua hawakupona. Ilipofika 1924 mwanafunzi wake Martin Kirschner, akiwa Königsberg, alifanya upasuaji huo na mgonjwa akaishi. Trendelenburg, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80, aliwahi kuyaona mafanikio hayo kabla ya kufariki Desemba mwaka huo huo.

Lakini mpasuaji aliyefungua kifua bila sababu alimuua mtu ambaye pengine angepona, na aliyengoja apate uhakika alichelewa. Mtego huo ulimkaba John Gibbon, daktari kijana wa Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alipangiwa kukaa na mwanamke aliyepatwa na donge la mapafu baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo. Kwa saa 17 alimpima mapigo, pumzi na shinikizo la damu, akimwona anazidi kubadilika rangi, huku wenzake wakisubiri awe mahututi kiasi cha kuhalalisha upasuaji. Asubuhi shinikizo la damu lilipotoweka, mkuu wao Edward Churchill alifungua kifua na kuyatoa madonge katika dakika sita na nusu. Mwanamke yule hakupona. Usiku ule ulimtia Gibbon wazo la mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, nayo ikatumika kwa mafanikio mwaka 1953. Hospitali zinazopasua moyo leo zina deni kwa mgonjwa yule.

Dawa ilikuja kwa njia nyingine. Heparini, ambayo huzuia damu isigande, iligunduliwa mjini Baltimore mwaka 1916 na Jay McLean, mwanafunzi katika maabara ya William Howell. Ilichukua miaka mingine 20 hivi kusafishwa kiasi cha kufaa kwa binadamu, na hata ilipopatikana, madaktari wengi waliogopa kumpa dawa inayoweza kumtoa damu mtu ambaye hawakuwa na hakika kama ana donge kweli. Lililomaliza ubishi ni jaribio dogo la Bristol, Uingereza. Barritt na Jordan waliwachukua wagonjwa 35 waliokuwa na dalili kali za donge la mapafu, wakawagawa kwa bahati nasibu. Waliopewa dawa walikuwa 16, wasiopewa 19. Katika wale 19, watano walifariki kwa donge la mapafu na wengine watano wakapatwa na donge jipya wakanusurika. Katika wale 16, hakuna hata mmoja aliyefariki kwa donge. Madaktari hao walisimamisha ugawaji, na kila mgonjwa aliyefuata akapewa dawa. Ripoti yao ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1960.

Huwa nazirudia namba hizo, kwa kuwa zinabeba uzito wa historia yote inayofuata. Ugonjwa usiotibiwa uliwaua watu watano kati ya 19, na tiba ipo. Kuanzia siku ile, kushindwa kuliona donge hakukuwa tena suala la elimu ya maiti. Ilikuwa ni kumnyima mtu dawa ambayo ingemwokoa. Na kinyume chake kilikuwa kweli vilevile: kulidhania donge mahali lisipokuwapo kulimtia mtu mzima kwenye hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani.

Njia ya kwanza ya kuliona ilipitia ndani ya moyo. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari mgeni kazini katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, alijipitishia mrija mwembamba kwenye vena ya mkono hadi moyoni mwake mwenyewe, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha. Mwaka 1931 Egas Moniz na wenzake wa Lisbon walionyesha picha za mishipa ya mapafu baada ya kuingiza dawa inayozuia eksirei kupita. Kufikia miaka ya 1960 njia hizo mbili zilikuwa zimeungana, zikawa kipimo kilichoitwa angiografia: mrija unapita kwenye vena hadi ateri ya mapafu, dawa inasukumwa, filamu zinapigwa mfululizo. Pale ambapo mshipa unakatika ghafla, donge lipo. Kipimo kilikuwa cha kuaminika, ila kilidai wataalamu, vifaa na mgonjwa anayeweza kukivumilia. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, watu watano kati ya 1,111 waliofanyiwa walifariki kwa sababu ya kipimo chenyewe.

Njia ya pili ilikuwa laini zaidi. Mwaka 1964 Henry Wagner na wenzake wa Johns Hopkins walieleza namna ya kuchoma sindano ya chembe ndogo sana za protini zilizobeba iodini yenye mionzi. Chembe hizo hukwama kwenye vimishipa vya mapafu popote damu inapofika, na kamera huzihesabu. Sehemu isiyofikiwa na damu hubaki tupu kwenye picha. Baadaye wagonjwa walivutishwa pia gesi yenye mionzi, ili picha ya hewa ilinganishwe na picha ya damu. Hospitali ziliipenda njia hiyo, zikaitegemea kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1990 majibu ya utafiti uliojulikana kama PIOPED yakatoka. Kati ya wagonjwa 755 waliopigwa angiografia, 251 walikuwa na donge, lakini ni asilimia 41 tu ya hao 251 ambao picha yao ya mionzi ilisema kwa nguvu kwamba donge lipo. Wengi waliobaki walipewa majibu ya katikati: huenda, pengine, uwezekano ni mdogo. Daktari wa zamu, saa nane za usiku, alitakiwa kuamua maisha ya mtu kwa neno “pengine”.

Wakati huo mashine nyingine, iitwayo CT, ilikuwa tayari hospitalini, ikifanya kazi kwenye ubongo na tumbo. Mzizi wake mmoja uko Afrika. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town ilipungukiwa na mwanafizikia wa kusimamia vitu vyenye mionzi, na Allan Cormack, mhadhiri wa chuo kikuu cha mji huo, mzaliwa wa Johannesburg, akaombwa ashike nafasi hiyo kwa siku moja na nusu kila wiki. Aliona jinsi mionzi ya kutibu saratani ilivyopangwa kana kwamba mwili mzima ni kitu kimoja kisicho na mfupa wala pafu. Akajiuliza: kama miali ya eksirei ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kutueleza kila sehemu ya ndani inazuia miali kwa kiasi gani? Alijaribu kwa diski ya alumini na mbao, hesabu ikakubali. Alichapisha mwaka 1963 na 1964, akiwa amehamia Marekani. Karibu hakuna aliyejali. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala ya makala yake lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Godfrey Hounsfield hakuwa amesikia habari za Cormack. Alikuwa mtoto wa shamba la Nottinghamshire, Uingereza, aliyefundisha rada jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alifanya kazi EMI, kampuni iliyojulikana zaidi kwa sahani za muziki. Kuanzia 1967 alishika wazo lile lile na kulitengenezea mashine. Jaribio lake la kwanza la maabara lilitumia siku tisa kukusanya vipimo 28,000 vya kitu kimoja, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kuvigeuza picha. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, yeye na daktari wa radiolojia James Ambrose walimpiga picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Uvimbe ulionekana. Cormack na Hounsfield waligawana tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, na hadi leo mizani ya skani za CT ina jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1,000.

Kichwa hutulia, kifua hakitulii. Mashine za mwanzo zilitumia dakika kadhaa kwa kila picha, na hata zilipofikia sekunde chache, mrija wa eksirei ulizunguka mara moja, ukasimama, ukarudi nyuma ili nyaya zisijisokote, kitanda kikasogea kidogo, mgonjwa akavuta pumzi tena. Katika kila pumzi mapafu yalibadili nafasi, na donge dogo lilipotea kati ya picha moja na nyingine. Isitoshe, dawa ya kontrasti, ile inayozuia eksirei kupita, ikiingizwa mkononi hupita kwenye ateri za mapafu kwa sekunde chache tu kisha inakwenda zake.

Kikwazo hicho kiliondolewa na mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuja pete za kupitisha umeme bila nyaya za kujisokota, na mrija ukaweza kuzunguka bila kusimama. Willi Kalender wa Siemens huko Erlangen, akishirikiana na Peter Vock wa Bern, alionyesha kwamba kitanda kikisogezwa moja kwa moja huku mrija ukizunguka, miali huchora msokoto kuuzunguka mwili mzima, na hesabu inaweza kuugeuza msokoto huo kuwa picha bila pengo. Kifua sasa kingeweza kupigwa kwa pumzi moja iliyobanwa.

Waliolitambua hilo mapema kwa ajili ya donge la mapafu walikuwa Martine Rémy-Jardin na Jacques Rémy, madaktari wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Waliwachukua wagonjwa 42, kila mmoja akapigwa CT ya msokoto na angiografia ya zamani, ili kipimo kipya kisijisifu chenyewe. Kwenye picha zao, damu yenye kontrasti iling'aa nyeupe, na ndani ya weupe huo donge lilionekana kama kivuli cha kijivu chenye umbo na ukubwa wake. Kwa madonge ya mishipa mikubwa, CT haikukosa hata mgonjwa mmoja, na iliwasafisha kwa usahihi asilimia 96 ya wasio na donge. Makala yao ilitoka mwaka 1992. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya Virchow ilipomfikia mgonjwa. Kile alichokiona yeye baada ya kifo, daktari wa Lille alikiona kwenye kioo huku mgonjwa akiwa amelala mbele yake, mkono wake ukiwa bado na sindano, akiambiwa avute pumzi na kuibana.

Kukubalika kwa kipimo hicho hakukuja mara moja, na hakukupasa kuja mara moja. Mashine za miaka ile zilichora safu moja kwa wakati mmoja, na matawi madogo ya ateri yalibaki na ukungu. Mwaka 1998 zilikuja mashine za safu nne, kisha 16, na kufikia 2004 za safu 64, zilizomaliza kifua kwa sekunde chache, muda ambao hata mtu anayetweta anaweza kuuvumilia. Mwaka 2006 utafiti wa PIOPED II ulipima watu 824. CT iligundua asilimia 83 ya wenye donge, na iliwasafisha sawasawa asilimia 96 ya wasio nalo. Ndani ya majibu hayo kuna jambo ambalo kila daktari kijana angepaswa kulijua: kwa wagonjwa ambao daktari aliwashuku kwa nguvu lakini CT ikasema hakuna kitu, wanne kati ya kumi walikuwa na donge. Picha nzuri haikuondoa thamani ya daktari aliyemshika mgonjwa mguu na kumuuliza alilala kitandani siku ngapi.

Kanada ilikuwa imekwisha kuyapanga maswali hayo. Philip Wells na wenzake walitengeneza alama rahisi: mguu uliovimba, mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, upasuaji au kulala kitandani ndani ya wiki nne, donge la zamani, damu kwenye makohozi, saratani, na kama hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea hali hiyo vizuri zaidi. Maswali hayo hayahitaji umeme. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mashine ya CT ipo katika hospitali kubwa na haipo katika zahanati na vituo vingi vya afya, hayo ndiyo yanayoweza kuamua nani apandishwe kwenye gari la wagonjwa kwanza.

Mwaka huo huo wa 2006, Uholanzi ilijibu swali la mwisho: je, ni salama kumrudisha nyumbani bila dawa mtu ambaye CT yake ni safi? Wagonjwa 3,306 walipitia alama za Wells, kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, na CT kwa waliohitaji. Kati ya wale 1,505 ambao CT haikuwaonyesha donge, wasiopewa dawa walifuatiliwa kwa miezi mitatu, na asilimia 1.3 tu yao walipatwa na damu kuganda. Baada ya hapo angiografia ya mrija ilizidi kuondoka kwenye uchunguzi huu.

Kisha likaja tatizo ambalo hakuna aliyelijua zamani, tatizo la kuona mno. Nchini Marekani, kati ya 1998 na 2006, idadi ya watu waliogunduliwa kuwa na donge la mapafu ilipanda kutoka 62 hadi 112 kwa kila watu 100,000. Vifo havikushuka kwa kiasi hicho: kutoka 12.3 hadi 11.9. Hesabu hizo, zilizochapishwa mwaka 2011, zilionyesha pia kwamba madhara ya dawa za kuzuia damu kuganda yaliongezeka. Mashine ilikuwa inayaona madonge madogo sana, mengine yangeyeyuka yenyewe bila mtu kujua, na kila mmoja aliyeonekana nalo aliingizwa kwenye miezi ya dawa. Silaumu mashine kwa hili. Nalaumu haraka ya kumpitisha kila mwenye kichomi kwenye mashine bila kumuuliza chochote.

Waholanzi walirudi kwenye maswali. Mwaka 2017 walichapisha utaratibu walioupa jina YEARS, wenye maswali matatu tu: je, mguu una dalili za donge, je, kuna damu kwenye makohozi, na je, donge la mapafu ndilo linalodhaniwa zaidi? Asiye na hata moja kati ya hayo matatu aliruhusiwa kuwa na D-dimer ya juu zaidi kabla ya kupelekwa kwenye CT. Katika watu 3,465, utaratibu huo ulipunguza skani kwa asilimia 14 bila kuwahatarisha wagonjwa.

Waliokuwa na haja kubwa zaidi walikuwa wajawazito. Kwao hatari ya damu kuganda hupanda, moyo hukimbia na pumzi hufupika hata pasipo ugonjwa, na miali hupita kwenye titi na karibu na mtoto. Kwa miaka mingi karibu kila aliyeshukiwa alipigwa picha, kwa kuwa hakuna daktari aliyetaka kuwa yule aliyeliacha donge la mama mja mzito. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya wanawake 498 waliopimwa kwa YEARS iliyorekebishwa kwa ajili yao, ikiwa na picha ya mawimbi ya sauti kwa yule mwenye mguu wenye dalili. Asilimia 39 hawakuhitaji CT kabisa, na katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito walioepushwa skani walikuwa asilimia 65. Katika miezi mitatu ya ufuatiliaji, mmoja alipata donge la mguu. Hakuna mwingine kati ya walioambiwa hawana donge aliyegunduliwa kuwa nalo, mguuni wala mapafuni.